Fundi Bati Aliyezifuta Dakika Arobaini

Saa moja na nusu asubuhi. Kengele ya shule bado haijalia, na uani wanafunzi wa zamu wananyunyiza maji kabla ya kufagia. Ngazi ya chuma imeegemea ukuta wa nyuma. Fundi anapanda taratibu, mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata kwenye kipandio hicho hicho, maana goti la kushoto siku hizi halitaki kuongoza.

Akifika juu ya paa la zege anavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Anatoa mfukoni kitambaa laini, anakilowesha kwa maji ya chupa, anakikamua, kisha anafuta kitu cheupe chenye umbo la bakuli lililogeuzwa, kilichokaa juu ya nguzo fupi katikati ya paa. Anakifuta polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

Akimaliza anazunguka paa lote macho yakiwa chini. Anafungua daftari na kuandika kwa herufi kubwa: "Vumbi limefutwa. Kunguru hakuna. Vilivyopo juu ya paa: mimi, ndoo moja, viatu vyangu."

"Hayo ya mwisho zamani nilikuwa siyaandiki," anasema, akilifunga daftari kwa mpira. "Na ndiyo yaliyonitia aibu."

Mtaani wanamwita Mkwe wa Setilaiti. Jina hilo alipewa na muuza viatu vya mitumba mwenye meza yake ng'ambo ya lango la shule, siku alipomsikia akieleza kwamba setilaiti huwezi kuipangia saa ya kupita, na kwamba lazima ikukute umeshafagia. Muuza viatu alicheka mpaka akakaa chini. "Basi hizo si setilaiti," alisema, "hao ni wakwe!"

Fundi ana umri wa miaka sitini na moja. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mwezekaji wa mabati, na nyumba nyingi zinazoonekana kutoka juu ya paa hili ameziezeka yeye. Anazionyesha kwa kidole moja moja, kama mtu anayehesabu wajukuu. Goti lilipomshinda, watu wa chuo kikuu walikuwa wanatafuta mtu wa kutunza kituo chao kidogo juu ya shule. Malipo yake ni kama theluthi ya alichokuwa anapata msimu mzuri wa kuezeka.

"Lakini kuezeka kuna miezi ya njaa," anasema. "Hii inakuja kila mwezi, kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyokunywa uji."

Kazi ya kile kibakuli cheupe ni kupokea mawimbi ya setilaiti zile zile zinazoisaidia simu kujua mahali ilipo. Fundi hakufika mbali na shule, lakini ukimpa nafasi atakueleza vizuri kuliko wengi waliofika.

"Setilaiti inatuma sauti mbili kwa pamoja," anasema, akiinua vidole viwili. "Huko juu kabisa, kabla ya kufika kwetu, kuna hewa nyembamba yenye umeme umeme ndani yake. Sauti zote mbili zinapita humo, lakini moja inacheleweshwa kuliko nyingine. Sisi hapa tunapima pengo. Pengo likianza kuchezacheza, ujue huko juu kuna kitu kimeitikisa ile hewa."

Na ardhi inaingiaje? Anapiga kiganja juu ya ndoo iliyopinduliwa, taratibu. "Ardhi ikitikisika inaisukuma hewa iliyo juu yake, kama ngozi ya ngoma. Msukumo unapanda. Unachukua dakika nane, tisa, kumi hivi kufika kule. Ukifika, pengo linacheza. Hayo yanajulikana. Wamekwisha kuyaona mara nyingi."

Anayotaka yeye ni mengine.

Miaka minane iliyopita, alasiri, tetemeko lilipita mtaani kwa sekunde ambazo hakuna aliyezihesabu. Fundi alikuwa kazini, juu ya paa la mtu mwingine. Binti yake, ambaye sasa ni fundi cherehani, alikuwa ametumwa dukani kununua uzi. Mke wake alikuwa chumbani anakunja nguo. Ukuta wa matofali ulimwangukia.

"Paa nililoezeka kwa mikono yangu halikudondosha hata msumari," anasema. "Lilikaa juu ya kifusi, zima, kama kofia iliyowekwa mezani. Watu waliokuja msibani wakanisifu, wakasema, fundi, paa lako ni imara. Walikuwa wananifariji, najua. Lakini maneno yale, Mungu anisamehe, niliyachukia."

Chini, kengele ya shule inalia na miguu mingi inakimbia.

"Kutoka chumbani hadi uani ni hatua kumi na moja. Nimezipima. Mtu anayekunja nguo, ukimwambia toka, anatoka hata kwa dakika moja. Basi tangu hapo nikawa nataka kitu kimoja tu duniani. Kwamba ardhi, kabla ya kufanya lile ililokusudia, iwe inasema."

Mtafiti kijana wa chuo kikuu, aliyemwajiri, alimweleza ukweli tangu siku ya kwanza. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kusema haraka na kuomba radhi kwa kusema haraka. "Nilimwambia, Baba, kuhusu alama zinazokuja baada ya tetemeko tuna uhakika," anakumbuka. "Kuhusu alama za kabla, wapo wanaosema wameziona, wapo wanaosema ni ndoto. Hakuna aliyethibitisha. Nilimwambia hivyo hivyo."

"Aliniambia," fundi anakubali. "Lakini masikio yangu yalibeba neno moja tu, kabla."

Kwa miaka mitatu alitunza kituo bila kukosa siku. Mtafiti alimpa daftari na kumwagiza aandike chochote kitakachokisogelea kile kibakuli, kwa sababu mawimbi yakigonga kitu na kurudi yanaweza kudanganya. Fundi aliandika. Mwandishi wa makala haya aliruhusiwa kulipitia daftari hilo. Ukurasa mmoja unasema: "Kunguru wawili, wamekaa dakika sita, mmoja amechafua." Mwingine: "Mwalimu wa hesabu amepanda kutafuta mtandao wa simu. Nimemshusha." Na mwingine: "Tiara imenasa kwenye waya. Mwenyewe analia. Nimemrudishia."

Hakuna ndege, mtu wala jani lililoponyoka.

Mapema mwaka huu tetemeko jingine likaja. Ilikuwa Jumatano, saa nne kamili asubuhi. Fundi alikuwa uani. Alisikia mlio kama radi ukitoka juu ya paa, akadhani zege linashuka. Wanafunzi walitoka nje salama. Mtaani kuta zilipata nyufa, vyombo vilivunjika, na bibi mmoja alivunjika mkono. Hakuna aliyekufa. Watu walimshukuru Mungu na kurudi majumbani kwao, wengine wakipita mlangoni upande upande kwa woga.

Fundi alipanda juu, akakuta kibakuli kizima. Akaandika: "Saa nne tetemeko. Kifaa kizima. Betri nzima."

Siku kumi na tano baadaye mtafiti alifika nyumbani kwake akikimbia, bila hata kupiga simu, na karatasi kubwa mkononi. Binti wa fundi anaikumbuka siku hiyo. "Aliingia na viatu, akaomba radhi, akatoka kuvivua, akarudi na kimoja," anasema, akicheka huku akipitisha kitambaa kwenye cherehani.

Karatasi ilikuwa mchoro wa mstari mmoja, wa setilaiti moja iliyokuwa inapita juu ya shule asubuhi ile. Upande wa kulia, dakika kumi baada ya tetemeko, mstari ulipanda na kushuka kama mgongo wa mnyama. Hayo yalitegemewa. Lakini upande wa kushoto, kuanzia saa tatu na dakika ishirini, mstari ulikuwa unatetemeka tetemeka. Ulitetemeka dakika arobaini nzima. Kisha saa nne kamili, ardhi ilipotikisika, ukatulia ghafla.

"Kama mtu aliyezima redio," mtafiti alimwambia. "Baba, dakika arobaini kabla!"

Fundi alikaa. Aliomba kuishika karatasi. Kisha akaibandika ukutani sebuleni, kando ya picha ya marehemu mke wake.

"Nikamwambia, Baba, hata cheti changu cha ushonaji hukukibandika," binti yake anasema.

"Cheti chako hakijachelewa miaka minane," alimjibu.

Habari zikatoka. Redio ilimhoji mtafiti, kisha ikamhoji fundi. Mkuu wa mradi chuoni alisema wafadhili wameonyesha nia ya kuendeleza kituo kwa miaka mingine mitano, na kwamba matokeo yatasomwa kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu. Kila asubuhi muuza viatu alikuwa anamngojea langoni.

"Mkwe! Wakwe zako wamesemaje leo? Nipange viatu au nifunge?"

"Panga. Na hivyo vya mguu mmoja mmoja vitafutie wenzake."

Utani huo ulimpendeza. Kilichoanza kumsumbua kilitoka kwa mtu mwingine, mama mwenye pacha, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka shuleni. Tetemeko lilikuwa limemwachia ufa chumbani, mpana kiasi cha kuingiza kidole. Fundi alipouona alimshauri ahamie kwa dada yake mpaka mwenye nyumba atengeneze.

"Nihame niende wapi na watoto wawili?" alimjibu. "Kwa dada tutalala kama viberiti. Na wewe si upo? Dakika arobaini zinanitosha, nitawatoa hawa na godoro juu. Utatupigia kelele, baba yangu. Sihami."

Fundi anasema aliitikia. Anasema hata alifurahi, kwa nusu saa hivi.

Siku nne baadaye akapata nafasi ya kumaliza kazi ndogo aliyoombwa na mwalimu mkuu kabla ya tetemeko, ya kubadilisha bati bovu la vyoo vya wanafunzi. Mabati mapya manne yalikuwa juu ya paa la zege. Aliyapandisha huko mwenyewe jioni ya Jumatatu, siku mbili kabla ya tetemeko, kwa sababu yakikaa uani wanafunzi wangeyakanyaga. Aliyasimamisha kwenye ukingo wa paa, hatua sita kutoka kwenye kibakuli, yakiwa yanang'aa kama yalivyotoka kiwandani.

Tangu tetemeko yalikuwa yamelala chini, na yeye, mwenye macho ya kutazama kibakuli tu, hakuwahi kujiuliza. Alipoyainua siku hiyo aliona moja limekunjika kona.

Mtu mwingine asingejali. Lakini fundi bati hununua bati kwa kuangalia kona, na yeye alikumbuka alivyoyakagua dukani moja moja. Kona zote zilikuwa nzima. Bati lilikunjika lilipoanguka. Na liliangukaje?

Akaikumbuka ile radi. Halikuwa zege. Yalikuwa mabati yake, yakilala chini kwa kishindo, saa nne kamili.

"Nilikaa pale pale, jua likiniwaka," anasema. "Nikaona kila kitu kwa pamoja. Yaliposimama, mawimbi yalikuwa yanayagonga na kurudi kwenye kibakuli, ndiyo maana mstari ulitetemeka. Tetemeko likayaangusha. Mstari ukatulia. Haikuwa ardhi iliyosema. Ilikuwa ni mimi."

Alifungua daftari. Jumatatu: "Kunguru mmoja." Jumanne: "Hakuna kitu." Jumatano: "Saa nne tetemeko." Bati halikutajwa popote.

Nilipomuuliza kwa nini, hakujitetea. "Nilikuwa naandika mambo ya watu. Ndege, mwalimu, tiara. Bati kwangu ni kama shati langu. Fundi haandiki amevaa shati. Kisogo chako mwenyewe hukioni."

Siku mbili hakumwambia mtu. Alikwenda kusali na kurudi, akala kidogo, akajibu maswali kwa kichwa. Binti yake alidhani ni goti. Jioni ya siku ya pili, akiwa anakata nguo ya mteja, alimuuliza bila kuinua uso.

"Baba, umemkosea nani?"

Fundi akamweleza yote. Binti aliweka mkasi chini.

"Wakijua, kituo kitafungwa?"

"Huenda."

"Na kazi yako?"

"Kazi iko juu ya kituo, mwanangu. Nguzo ikienda, bati linabaki wapi?"

Binti anasema alitaka kumwambia anyamaze. Anakiri hivyo waziwazi. Baba yake alikuwa ameanza kulala usingizi, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, na usingizi huo ulikuwa umetundikwa kwenye karatasi ile ukutani. "Nilisema, kwani nani anajua habari ya bati? Ni wewe na Mungu."

"Akaniambia, na mama pacha amelala chini ya ule ufa, ananingojea mimi nipige kelele."

Asubuhi yake fundi alipiga simu. Mtafiti anasema hataisahau. Mzee hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake. Alimwomba jambo moja, aangalie mstari wa setilaiti ile ile siku ya Jumanne, siku moja kabla ya tetemeko, si saa tatu na dakika ishirini bali na dakika ishirini na nne.

Sababu yake ni jambo analolijua kila anayefanya kazi hii. Setilaiti hizi hurudi mahali pale pale angani kila siku, lakini kila siku huwahi karibu dakika nne. Kwa hiyo kitu kinachozuia au kurudisha mawimbi juu ya paa, kisiposogezwa, kitaleta kasoro ile ile, dakika nne mapema kila siku. Tetemeko halirudii hivyo. Bati hurudia.

"Nilifungua kompyuta nikiwa bado na simu sikioni," mtafiti anasema. "Jumanne, dakika ishirini na nne, mtetemo ulikuwepo. Jumatatu asubuhi haupo. Nilipaswa kuliangalia hilo mwenyewe, tulifundishwa. Niliharakisha. Nilikuwa nimeona nilichotaka kukiona."

"Upo?" fundi aliuliza.

"Upo, Baba."

Salio la simu likaisha hapo.

Mkuu wa mradi hakukubali kirahisi. Alikuwa ameshawaandikia wafadhili. Alisema mzee wa mabati hawezi kuvunja kazi ya wataalamu kwa kona iliyokunjika. Mtafiti akasema basi twende tukajaribu. Wakakubaliana siku, na siku yenyewe ikaangukia siku ya thelathini tangu tetemeko.

Fundi alipiga hesabu kwa penseli mgongoni mwa bati lile lile. Dakika nne mara thelathini ni mia na ishirini, yaani saa mbili. Kama ni bati, mstari ungeanza kutetemeka karibu na saa moja na dakika ishirini asubuhi.

Mabati matatu yalikuwa tayari juu ya vyoo. Aliyang'oa, akayapandisha yote manne, akayasimamisha pale pale. Alama za miguu ya mabati zilikuwa bado zinaonekana kwenye vumbi la ukingo. Mtafiti alikaa chini na kompyuta mapajani. Mkuu wa mradi alisimama na miwani mkononi, akamwambia fundi ayashike yasiyumbe.

"Nilisimama nayashika," fundi anasema, "na nilikuwa naomba. Sikudanganyi. Niliomba Mungu mstari usitetemeke. Niliomba nionekane mjinga. Kwamba bati halina neno, na ardhi ilisema kweli siku ile."

Saa moja na dakika ishirini ilipita. Ishirini na moja. Mtafiti alikuwa anatazama kioo bila kupepesa.

Ishirini na mbili, akasema taratibu, "Umerudi."

Mkuu wa mradi akavaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Yalaze chini, fundi."

Fundi akayalaza, moja baada ya jingine, bila kuyagonganisha. Mstari ukatulia.

"Yasimamishe tena." Ukatetemeka. "Yalaze." Ukatulia.

Mkuu wa mradi akavua miwani. Anayesimulia hapa ni mtafiti, kwa kuwa fundi mwenyewe anasema alikuwa haoni vizuri wakati ule. "Alimwambia, mzee, umetuokoa na aibu kubwa. Kisha akasema, lakini sijui kama naweza kukuokoa wewe."

Wafadhili walirudisha nia yao mfukoni. Malipo ya kituo yapo mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo hakuna aliyeahidi kitu. Mtafiti alifuta mada yake, na kwenye mkutano akasoma nyingine, kuhusu jinsi dakika arobaini za tetemeko zilivyotengenezwa na mabati manne. Anasema watu walicheka, kisha kwenye mapumziko watatu wakamfuata na kumwambia wanakwenda kuyatazama upya mapaa yao.

Redio iliyotangaza habari ya kwanza ilitangaza na ya pili, kwa sentensi mbili. Muuza viatu aliisikia.

"Mkwe! Nasikia ndoa imevunjika?"

"Ndoa ipo. Mahari ndiyo ilikuwa ya uongo."

Muuza viatu hakucheka siku hiyo. Alimpangusia kiti.

Mama mwenye pacha yeye alikasirika. Fundi alikwenda kumwambia mwenyewe, kabla hajasikia redioni. "Alinifokea mlangoni. Akasema nimempa moyo kisha nimemnyang'anya, kwamba ni bora ningekaa kimya tangu mwanzo. Nikamwacha aseme. Alikuwa na haki. Alipochoka nikamwambia, sasa naomba ufungashe, nitakubebea godoro." Usiku wa siku hiyo pacha walilala kwa mama yao mkubwa, kama viberiti.

Sebuleni, fundi alitaka kuibandua ile karatasi. Binti yake ndiye aliyemzuia. Aliikunja katikati, akaupeleka upande wa kushoto nyuma, akauacha wa kulia tu uonekane, ule wenye mgongo mmoja mrefu unaoanza dakika kumi baada ya tetemeko.

"Huu ni wa kweli," alimwambia. "Huu ardhi iliuandika yenyewe."

Mtafiti anaukubali. Anasema alama za baada ya tetemeko zina faida yake. Tetemeko kubwa likitokea chini ya bahari, alama hizo zinaweza kusaidia kukadiria ukubwa wa wimbi linaloelekea ufukweni, na watu walio mbali wakapata muda wa kupanda mahali pa juu. Ndiyo maana anapigania kituo kibaki. Katika barua yake ya maombi ameambatanisha kurasa sita za daftari la fundi.

Fundi anafurahi kwa ajili ya watu wa ufukweni. Lakini anajua kwamba mtaa wake hauko ufukweni, na kwamba hapa ardhi ikianza, imeanza.

Hapo ndipo alipogeukia kuta. Kwa mwezi mmoja sasa, akishuka kutoka juu ya paa, anapita nyumba kwa nyumba na chaki na nyundo ndogo. Anagonga, anasikiliza, anachora alama. Anawaeleza wenye nyumba habari ya mkanda wa zege wenye nondo ndani yake, unaozunguka juu ya kuta zote nne na kuzifunga pamoja, ili ukuta mmoja usidondoke peke yake. Si uvumbuzi wake. Waashi wanaujua siku zote, ila wengi huuruka ili kubana matumizi. Mafundi wawili waliowahi kuwa vijana wake wa kazi wamekubali kumsaidia siku za mapumziko. Mwenye nyumba ya mama pacha amekwisha kuleta kokoto, baada ya kuona mpangaji hayupo na kodi haipo.

"Miaka yote nilijua paa tu," anasema fundi. "Nilikuwa napanda juu ya ukuta wa mtu bila kuuliza umeshikwa na nini."

Binti yake anasema baba amerudi kukosa usingizi, lakini sasa anakosa kwa kuchora. Meza ya kukatia nguo imejaa michoro yake, na wateja wanalalamika kwamba nguo zao zinarudi na chaki.

Anafungua daftari jingine, jipya, ambalo halihusu setilaiti. Ndani yake kuna orodha ya nyumba ambazo kuta zake zinasikika vibaya zikigongwa. Anazihesabu kwa kidole kilichokatwa ncha na bati zamani za ujana.

"Kumi na tisa," anasema. "Kwa goti hili, na kwa siku za mapumziko peke yake, kuzifunga zote mkanda ni mwaka na nusu, Mungu akipenda. Tetemeko lingine ni lini, mimi sijui, mtafiti hajui, wakwe zangu huko juu hawajui. Mimi naanza Jumamosi."